Mwaka Tulipolifunga Baraza kwa Kuti

Hitima ya shoga yangu Tatu ilikwisha adhuhuri, na kufika alasiri tulikuwa tumebaki sisi wa ndani tu, tunasugua masinia uani kwake kijijini Mahege na kuwasengenya kidogo waliokula mara mbili. Mimi nilikalishwa na sinia langu kwenye kiti cha plastiki penye kivuli cha ukuta, kwa sababu magoti yangu hayana adabu siku hizi. Ndipo akaja Hamisi, mjukuu wa Tatu, huyu anayefanya kazi kwenye stesheni ya televisheni huko Dar, akachuchumaa mbele yangu na simu mkononi. "Shikamoo bibi. Nina kitu nataka usikilize. Nimekikuta ofisini kwenye kanda za zamani za enzi za mkoloni. Kimeandikwa tu: Kibiti, akina mama." Kabla sijamwitikia akabonyeza, wakatoka wanawake wanaimba. Nilijua ni wimbo gani kabla mstari wa kwanza haujaisha. Uani pale palikuwa na wanaume wanne wanakunja turubai, na mmoja wao mkwe wangu. "Zima!" nikamwambia. "Zima, mwana wa watu, zima!" Kijana akababaika, simu ikamteleza, ikaanguka mchangani na kuendelea kuimba kifudifudi, mpaka mjukuu wangu Rehema alipoiokota na kuinyamazisha. Watu wakanitazama kwa huruma, wakidhani ni msiba umenizidi.

Msiba ulikuwa umenizidi kweli, lakini si huo tu. Wimbo ule ni wa unyago, na wa unyago hausikiwi na mwanamume. Halafu nilijua unavyomalizika. Unamalizikia kwenye kicheko, na anayecheka ni Tatu, ana miaka kumi na saba, hajazaa, hajazeeka, hajafa. Sikuwa tayari kumsikia mbele ya watu, na sabuni ya masinia bado imenikaukia mikononi. Nikamwambia Hamisi arudi kesho asubuhi, nitamweleza. Usiku ule nililala vibaya kama ninavyolala siku zote, ila safari hii nilikuwa na cha kufikiri.

Mwaka wenyewe ni ule redio ilipoletwa Kibiti. Mwingereza alikuwa bado yupo, na mimi nilikuwa nimeolewa miezi minne. Mume wangu Kasimu alikuwa Mbwera anakata boriti za mikoko, anakuja anapokuja. Mchana nilishinda jikoni kwa Bi Somoe, aliyekuwa mpishi wa nyumba ya wageni wa serikali. Bi Somoe ndiye somo yangu aliyenicheza unyago, ndiye kungwi aliyewacheza wasichana wa Kibiti karibu wote wa rika langu, na Tatu alikuwa mtoto wa nduguye, kaletwa kutoka Mbwera amsaidie. Lile jiko nikifumba macho naliona: kuta za udongo zimesilibwa moshi, mafiga matatu makubwa na matatu madogo, mtungi wa maji pembeni umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza, na juu darini kamba wakavu wa Tatu kwenye kikapu, wanavyonuka hata chai ikawa na ladha yao. Wageni wa serikali walipikiwa kuku. Sisi tulikula bada la muhogo na kisamvu chenye kamba wale, na mpaka leo sijala kuku wa kushinda kisamvu kile.

Ukuta wa nyuma wa jiko ulipakana na baraza la jumbe, na redio iliwekwa barazani. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa mbele, limeunganishwa na betri ya lori iliyochajiwa kwenye mashine ya kukobolea mpunga, na Karani Sefu ndiye aliyekabidhiwa. Karani huyo alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayelifuta sanduku kwa leso yake mwenyewe kabla hajalifungua. Baada ya sala ya alasiri wanaume walikaa: jumbe kwenye kiti chake chenye mikono, wazee kwenye mabenchi, vijana chini. Mwanamke hakukaa pale. Hakuna aliyetukataza, na hakuna aliyewahi kujaribu. Tulisikilizia jikoni kupitia ukutani, tunachambua mchele na masikio yako upande wa pili. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, basi nikajifanya mkalimani wa kila neno gumu. Tatu akiniuliza "gavana" ni nani, namwambia. Akiniuliza sauti inapitaje hewani bila kulowa mvua, napo namwambia, ingawa nilikuwa sijui hata punje.

Wakati mpunga unaanza kuiva likaja gari kutoka Dar, na ndani yake Bwana Idrisa na mashine ya kunasa sauti. Stesheni ilitaka nyimbo za wananchi, alisema, isije ikawa inawapigia watu santuri za wageni tu. Wanaume wakamwimbia nyimbo za kuvunia siku nzima. Jioni akaja mlangoni kwa jiko letu, akavua kofia. "Shikamoo mama. Na nyie nanyi mnifikirie." Bi Somoe alikuwa mgumu wa kukubali mambo, na niliyemlainisha ni mimi. Nilimsihi siku mbili. Nilimwambia Dar nzima itamjua. Mwishowe akasema atatoa wimbo mmoja wa harusi, usio na la kuficha, lakini hawezi kuongoza wanawake kuimba hadharani, wataimbia ndani ya wigo wake wa makuti, na mwanamume hatii mguu humo, awe wa Dar, awe wa wapi.

Bwana Idrisa hakubisha. Akaiweka mashine katikati ya wigo juu ya kinu kilichogeuzwa, akawasha, akaona vigurudumu viwili vinazunguka, akatoka na kwenda zake mpaka kwenye gari. Tukauchunguza wigo pande zote kama tulivyofundishwa, tukatia vidole kwenye kila upenyo, hakuna jicho la mwanamume. Tukaimba wimbo wa harusi ukaisha. Sasa, wigo wa kungwi una taratibu zake. Kungwi akishaingia na wanawake wake wakaimba, hatoki hivi hivi. Lazima aufunge kwa wimbo wa unyago wa kutolea wanawali, la sivyo ameuacha wazi, na balaa linaweza kuingia. Bi Somoe akaitazama ile mashine, akanitazama mimi, msomi wake. "Zena, hiki chombo kinasikia?"

Niliviona vigurudumu vinazunguka. Niliviona, Mungu ni shahidi. Nikajibu, "Mwenyewe hayupo, somo. Hakisikii." Basi tukauimba ule wa pili wote, mwanzo mpaka mwisho, kwa nguvu na vigelegele, maana wimbo ule huwezi kuuimba nusu. Usitegemee nikuandikie maneno yake hapa. Mwishoni, nikizunguka kwa mbwembwe, khanga yangu ikafunguka ikabaki mikononi mwa mwenzangu wa nyuma, na Tatu akaangua kicheko akashindwa kujizuia. Bi Somoe akamkemea, wigo ukafungwa, Bwana Idrisa akachukua chombo chake, akashukuru sana, akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilidhani mashine ni kama mtumishi, bwana wake akiondoka na yeye analegea. Ukweli ni kwamba niliulizwa kitu nisichokijua na mtu niliyemheshimu kuliko wote, na nikashindwa kusema sijui. Darasa la nne lilikuwa limenipa kiburi, na elimu yenyewe lilinipa kiasi.

Mwezi haukupita, tukiwa jikoni tunakuna nazi, tukasikia Karani Sefu anawasomea wanaume barua. Ilitoka kwa Bwana Idrisa. Salamu kwa jumbe, salamu kwa wazee, nyimbo za kuvunia zimefika salama. "Na wimbo wa akina mama," Karani akaendelea kwa sauti yake ya msikitini, "ule wa pili, unaomalizikia kwa kicheko, umependwa mno hapa. Utatangazwa Jumamosi ijayo, saa kumi na moja jioni. Tafadhali wananchi wote wahudhurie." Barazani wakapiga makofi. Nikamsikia jumbe anacheka: "Kumbe Bi Somoe naye! Jumamosi asikose mtu hapa." Jikoni Tatu aliacha mkono juu ya mbuzi ya nazi, damu inamtoka kidoleni na hana habari. Bi Somoe hayupo, amekwenda sokoni. Tulikuwa wawili tu tuliojua.

Wewe uliyezaliwa juzi labda utasema, wimbo tu. Ngoja nikwambie wimbo ule ulikuwa nini. Walikuwapo wasichana kumi na mmoja ndani mwaka ule, wamefungiwa wanangoja mavuno wachezwe, wote mikononi mwa Bi Somoe. Kungwi ambaye wimbo wake umesikiwa na wanaume, tena wakwe za watu na jumbe na watoto wa majirani, ngoma yake imekufa. Mama zao wangewachukua wasichana wale wakawapeleka kwa kungwi wa Ruaruke, na Bi Somoe asingeitwa tena kokote maisha yake yote. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na ngoma ile na sisi. Na aliyeitia hatarini ni mimi.

Tatu alikuwa na dawa yake. "Tumwage maji ya betri," akaninong'oneza. "Karani akienda kuswali, mie nasimama mlangoni, weye unaimwaga. Nani atajua?" Nilifika mpaka kwenye kizingiti cha baraza, nikaiona leso ya Karani imekunjwa vizuri juu ya sanduku. Nikawaza kwamba huyu mzee atafukuzwa kazi kwa ajili ya ulimi wangu. Nikarudi. Tatu akaniita mwoga, na mwoga nilikuwa, kwa maana njia iliyobaki ilikuwa kumwambia Bi Somoe.

Nilimkuta chumbani kwake anapepeta mchele. Kilikuwa chumba kidogo, kitanda cha kamba, kasha, na ngoma mbili zimefunikwa kaniki. Nikapiga magoti, nikamweleza barua yote. Ungo ukaendelea kwenda juu na chini.

"Kwa hiyo kilikuwa kinasikia," akasema.

"Ndiyo, somo."

"Na weye ulikiona kinafanya kazi?"

Ningeweza kusema sikukiona. "Vile vigurudumu vilikuwa vinazunguka. Niliviona."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani..."

"Hukudhani kitu, Zena. Mie nilikuuliza kwa kuwa nakuamini." Akaweka ungo chini. Hakunipiga, hakunitukana, na ningetamani afanye yote mawili. Machozi yalikuwa yanamtoka pole pole na hakuyafuta. "Mie sikusoma. Nilikuwa na macho yako."

Chumba kikaanza kuwa na kiza, na mimi nalia kama mtoto. Kisha akaniuliza swali la ajabu: redio ile, ikishaanza kuimba, ndiyo sauti yetu yenyewe au ni watu wengine wanatuiga? Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikasema, nijuavyo mimi ni sauti yetu yenyewe. Na huko kwingine itakakosikika? Nikasema sijui, lakini wimbo ni wa Kindengereko, na wa Dar hawatajua kinachosemwa. "Wa Dar hawanijui na siwajui," akasema. "Sina mwari wa mtu kule. Mie naulizia hapa." Akafuta uso kwa upindo wa khanga. "Kama ni sauti yetu, basi tutakuwa tunaimba siye. Na nikiimba mie, pale ninapoimbia ni wigoni."

Watu wa kwetu wanaijua alama ya kungwi. Ni kuti bichi la mnazi lililofungwa mafundo matatu, linalazwa njiani kuelekea wigo, na mwanamume akiliona anageuka, hata kama shamba lake liko mbele. Jumamosi ile baada ya adhuhuri tulikwenda barazani wanawake kumi na tisa. Bi Somoe akalilaza kuti kwenye ngazi ya mbele, jingine kwenye mlango wa pembeni, akasimama kizingitini na ngoma yake ndogo kwapani. Hakuna aliyewahi kufanya jambo kama lile. Kuti ni la vichakani na vichochoroni, na lile lilikuwa jengo la serikali, lina bati, lina picha ya malkia ukutani. Tatu alinishika mkono. Nilijua wanaume wakilikanyaga tu, ndiyo mwisho wa Bi Somoe, na itakuwa imetokea mbele ya mji mzima.

Walikuja kutoka msikitini kwa kundi, wanazungumza. Wa mbele walipoliona kuti wakasimama, wa nyuma wakawagonga. Kasimu wangu alikuwamo, kafika siku ile kutoka Mbwera kwa ajili ya redio. Akaniona, akainamisha uso. Kijana mmoja mwenye viatu, mgeni wa karani wa kodi, akasema kwa sauti kwamba hii ni nyumba ya gavana, si kichaka cha wanawake, na akanyanyua mguu.

"Rudisha mguu wako," jumbe akamwambia.

Jumbe alipita mbele, akalitazama kuti muda mrefu, kisha akamtazama Bi Somoe. Hawa wawili walikuwa wamecheza pamoja utotoni. "Somoe, leo kuna nini hapa?"

"Leo nafunga wigo, jumbe."

"Kwa muda gani?"

"Wimbo mmoja."

Wazee wakatazamana. Najua jumbe alichokuwa anakipima: bwana shauri, Mzungu wa wilaya, akisikia kwamba wananchi hawakuhudhuria, atamjibu nini? Na nadhani pia alikuwa na hamu ya kuusikia, kwa maana alikuwa binadamu. Akageuka nyuma. "Njia imefungwa," akawaambia watu wake. "Twendeni tukaangalie ule mpunga wa bondeni." Wote wakamfuata, mpaka yule mwenye viatu. Hata leo nikisikia watu wanasema wanaume wa zamani hawakuwa na heshima kwa wanawake, nawakubalia mengi, kisha nawahadithia migongo ile inavyoteremka kwenda bondeni.

Alibaki Karani Sefu, kwa kuwa sanduku ni lake. Alisimama nje ya ngazi, anaifikicha leso yake kwa vidole. Alisema ana amri ya kulifungua saa kumi na moja kamili, na hawezi kuivunja, wala kuti hawezi kulivuka. "Nani kati yenu anajua kusoma namba?" Bi Somoe akanigeukia. Sikutegemea aniangalie tena kwa jambo lolote la kusoma. "Zena," akasema. "Lakini safari hii kama hujui, sema hujui." Karani akanielekeza akiwa pale pale nje, ameupa mlango kisogo: kitufe cha kushoto, mshale kwenye namba fulani, cha kulia uusikie mlio, kisha usiguse tena. Halafu naye akaondoka, haraka, viganja masikioni, na wigo ulikuwa haujaimba bado.

Tuliingia. Tulikaa kwenye mabenchi yale kwa mara ya kwanza, na Bi Somoe akakaa kwenye kiti cha jumbe kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Mwanamume wa Dar akasema maneno yake, kisha tukajisikia. Mwanzo hakuna aliyeamini. Halafu Bi Somoe akaigonga ngoma yake, akajidaka mwenyewe kwenye mstari wa pili, akaimba na sauti yake mwenyewe, na sisi wote tukaingia, tukaimba na sisi, mara mbili kwa wakati mmoja, mpaka bati likatetemeka. Na mwisho, Tatu wa kwenye sanduku akaangua kile kicheko, na Tatu wa kwenye benchi akajisikia anacheka, akashikwa na kicheko kingine. Nikazungusha kitufe. Bi Somoe akaokota makuti yote mawili, na wigo ukafungwa. Mavuno yalipokwisha aliwatoa wasichana wake wote kumi na mmoja. Kwangu alirudisha uso wa kawaida pole pole, na sikuwahi kumlaumu kwa kuchukua muda.

Sasa Hamisi. Asubuhi alirudi na kijiti chake cha miguu mitatu, akaikaza kamera juu yake, akaniambia anataka nieleze maana ya wimbo, watu waijue historia yao. Nilimhurumia. Ana heshima, na amefiwa na bibi aliyemlea. Nikamwambia wanaume watoke uani, mkwe wangu kwanza, kisha akina Rehema waje wakae karibu nami. Wakatoka. Naye akaniaga vizuri kabisa, akavaa viatu vyake, akaelekea njiani akaiacha kamera imesimama, na mbele yake kitaa chekundu kinawaka.

"Hamisi!" nikamwita. "Na huyo mwenzio umbebe."

Akacheka kwa aibu, akarudi, akaibeba. Nikamtuma Rehema alaze kuti njiani. Tukausikiliza wimbo kwenye simu aliyotuachia, mimi na wasichana saba, na nikawaeleza kila neno kama Bi Somoe alivyonieleza, na neno moja nililolisahau nikawaambia nimelisahau. Ulipokaribia mwisho nikamshika Rehema mkono, akaisimamisha. Akatoka kuliondoa kuti, nami nikapiga kelele aitwe yule kijana. Alikuja mbio, anadhani nimeanguka.

"Wimbo ni wetu, baba," nikamwambia. "Haya yaliyobaki ni yako. Kaa."

Akakaa chini mchangani. Rehema akabonyeza, na bibi yake Hamisi akacheka ndani ya simu.

"Nani huyo?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akainamisha kichwa magotini kwangu, na mimi nikamwambia Rehema arudie.